Mahandaki ya Cu Chi: nenda, lakini chagua upande wa Ben Duoc

Wenzangu wa biashara ya korosho wanajua kwamba ukishafika Vietnam, kazi kubwa ni kusubiri. Kontena limeshuka, sampuli zimekwenda kukatwa kupimwa ubora, mnunuzi anakwambia kesho, na kesho yenyewe ni Jumapili. Hoteli zote za jiji la Ho Chi Minh zimejaa vipeperushi vya matembezi, na cha kwanza utakachokutana nacho ni cha mahandaki ya Cu Chi, kule walikokuwa wakiishi chini ya ardhi wapiganaji wa Vietcong, wale wa msituni wa kikomunisti waliopigana na Marekani na serikali ya Vietnam Kusini. Nimekwenda kwa pesa yangu, sikualikwa na mtu. Na kwa kuwa msimu ukifunguka watu wetu wa Mtwara na Lindi watakuwa huko tena wakipiga miayo hotelini, nawaandikia haya mjue mnachonunua.

Nilifuatana na mzee mmoja wa chama chetu cha ushirika, mtu wa Newala, umri wake umeshavuka sabini. Alikuwa mvulana wakati wapiganaji wa FRELIMO, wa ukombozi wa Msumbiji, wakivuka Ruvuma kwenda na kurudi, na mambo ya watu wa msituni si hadithi ya kwenye vitabu kwake. Nitamwita Mzee tu, maana hapendi jina lake litajwe mitandaoni.

Jambo ambalo mawakala hawakwambii: Cu Chi ina sehemu mbili zilizofunguliwa kwa wageni. Ben Dinh iko kama kilomita 50 kutoka katikati ya jiji, na ndiko mabasi karibu yote ya watalii yanakokwenda. Ben Duoc iko mbele zaidi, kama kilomita 70, karibu na mto Saigon, na huko wageni wengi ni Wavietnam wenyewe, wanafunzi na wazee waliovaa nishani zao. Sisi tulianza na Ben Dinh kwa basi la kundi, hatukuridhika, siku nyingine tukakodi gari hadi Ben Duoc. Kwa hiyo nalinganisha nilivyoviona kwa macho.

Niyamalize ya basi kwanza. Kampuni siitaji. Bei ilikuwa dola 20 na kitu kwa kichwa, nusu siku, na kiingilio ni juu yako. Gari lilikuja kwa wakati, lina kiyoyozi, maji ya chupa wanatoa. Lakini kabla hujaona handaki hata moja unashushwa kwenye karakana ya sanaa, picha zinazotengenezwa kwa vipande vya maganda ya mayai na vanishi. Mafundi ni walemavu, mnaambiwa ni waathirika wa sumu iliyomwagwa na ndege wakati wa vita, na kazi ya mikono yao kwa kweli ni nzuri. Kisha mlango wa karakana unafungukia duka kubwa lenye bei za uwanja wa ndege, na mnakaa humo hadi dereva amalize chai yake. Anayeoneshwa mlemavu kisha akaoneshwa kaunta anajisikia mwizi akitoka mikono mitupu. Sikuipenda hata kidogo. Kusaidia waathirika ni jambo jema, lakini waseme wazi kwenye tangazo kwamba kituo hicho kipo, mtu aamue mwenyewe.

Ben Dinh mnaanzia kwenye banda lenye televisheni na ramani. Mnaoneshwa filamu ya zamani isiyo na rangi, iliyopigwa wakati wa vita yenyewe: wasichana wa kijijini wanavuna mpunga huku bunduki ziko begani, na sauti ya msimulizi inawasifu waliopewa nishani ya Shujaa Muua Wamarekani. Mmarekani mmoja mtu mzima alikaa mbele yangu na binti yake, akaitazama filamu yote hadi mwisho bila kutikisika. Nilimhurumia kidogo, lakini nilifurahi kwamba hawajaikata filamu kwa ajili yake.

Baada ya hapo ni kutembea msituni. Miti yenyewe si ya zamani. Msitu wa Cu Chi ulimalizwa kwa mabomu na kwa sumu ya kupukutisha majani, huu wa sasa umeota na kupandwa baada ya vita, na mashimo ya mabomu ya ndege za Marekani za B-52 bado yapo, mengine yamejaa maji ya kijani. Kijana aliyevaa sare ya msituni anapangusa majani makavu, anainua kifuniko cha mbao ambacho hukukiona ukiwa umesimama nusu hatua kutoka hapo, anashuka mikono ikiwa juu, anajifunika. Ardhi imerudi vilevile. Mlango wenyewe ni kama sentimita 30 kwa 40. Mimi na nyonga zangu tulitazama tukaona yatosha.

Mzee hakushughulika na kifuniko. Aliinama akaokota bonge la udongo, akalisugua kwa kidole gumba, akaniambia, "Mwanangu, hebu muulize huyu bwana, udongo wote waliouchimba waliupeleka wapi?"

Ni swali la mtu aliyechimba visima. Mwongozaji alipolisikia alisimama, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tupande basi, na kuanzia hapo matembezi yakawa mengine. Akaeleza kwamba kificho kigumu kilikuwa ni kuficha udongo, kuliko hata kuficha shimo. Lundo la udongo mbichi likionekana kutoka kwenye ndege, kijiji kimekwisha. Kwa hiyo ulibebwa usiku kwa vikapu vya mianzi: mwingine ukamwagwa mtoni, mwingine ukatandazwa mashambani kabla ya kulima, mwingine ukarudishwa kwenye mashimo ya mabomu ya adui mwenyewe. Zana ni jembe la mpini mfupi na kikapu, basi. Udongo wa pale ni mwekundu wa mfinyanzi wenye madini ya chuma. Wakati wa mvua unachimbika, ukikauka unashika hauporomoki, ndiyo maana njia nyingi hazina nguzo. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Ungekuwa mchanga kama wa kwetu Makonde, wangefukiwa wote."

Uchimbaji ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za kupigana na Wafaransa, kila kijiji na mashimo yake. Miaka ya 1960 yakaunganishwa, ikapatikana mitandao ya zaidi ya kilomita 200, kwa ngazi tatu, ya chini kabisa kama mita 10. Kulikuwa na zahanati, ghala, vyumba vya mikutano, na sehemu zilizopindwa zikajazwa maji ili moshi na gesi visipite. Matundu ya hewa waliyaficha ndani ya vichuguu. Adui alipoleta mbwa wa kunusa, wakaweka pilipili, baadaye wakagundua kuwa ni bora kuweka sabuni na nguo za Wamarekani, mbwa anusie harufu anayoijua apite zake. Kichuguu cha maonyesho kipo njiani, tundu halionekani mpaka uoneshwe. Mzee alikigonga kwa fimbo akasema mchwa wa pale wamekufa zamani.

Kilichonikaa zaidi ni jiko. Linaitwa jiko la Hoang Cam, kwa jina la mpishi wa jeshi aliyelibuni wakati wa vita na Wafaransa. Moto uko shimoni, na moshi haupandi moja kwa moja. Unapitishwa kwenye mfereji hadi chumba kimoja, ukatulia, ukaenda cha pili, ukapoa, na mwisho unatokea mbali kabisa ukiwa mwepesi, unatambaa chini ya majani. Walipika alfajiri ili moshi uchanganyike na ukungu. Ben Dinh jiko hilo huwashwa kweli. Niliweka kiganja juu ya tundu la mwisho: uvuguvugu tu, hata kikohozi hakuna. Mwanamke yeyote aliyewahi kupika kwa kuni mbichi jikoni kusikokuwa na dirisha atasimama hapo muda mrefu kuliko watalii wengine wote.

Handaki la wageni limepanuliwa na kusakafiwa kidogo, lina taa, na kila baada ya mita kama 20 kuna mlango wa kutokea. Mnapita mmejikunja, magoti yanalia, jasho linakuingia machoni. Nilitoka kwenye mlango wa pili. Vijana wa Kikorea waliokuwa mbele yangu walikwenda mpaka mwisho wakicheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika sauti. Askari wa Marekani na Australia walioingia humo wakati huo, na tochi mkono mmoja na bastola mkono mwingine, hawakuwa na milango ya dharura. Waaustralia ndio waliotangulia kuyapekua kwa makini, Januari 1966, katika operesheni iliyokusanya askari kama 8,000. Na Divisheni ya 25 ya Marekani ikaja kujenga kambi yake Cu Chi, wapiganaji wakiwa tayari chini ya ardhi hiyo hiyo.

Sehemu ya mitego siipi alama. Mitego yenyewe ni ya mianzi na chuma iliyochongwa, mlango unaozunguka, shimo lenye miiba, na ukutani wamechora askari wanavyotumbukia wakipiga mayowe. Mwoneshaji anaingiza fimbo, mtego unafyatuka, watu wanapiga makofi. Inaoneshwa kama mchezo wa sarakasi, na ni vifaa vya kumwacha mtu na mguu unaooza. Ndiyo, kulikuwa na vita. Lakini makofi ya nini?

Karibu na hapo kuna uwanja wa kulenga shabaha, na mlio wake utausikia tangu mnaingia. AK-47, M16, hata rashasha M60. Unanunua risasi, kama dola mbili na ushee kila moja, na huuziwi chini ya 10. Sikupiga. Wengine wa basi letu walipiga wakapigwa picha. Ukiwa unajaribu kumsikiliza mwongozaji akieleza watoto waliozaliwa chini ya ardhi huku rashasha inatapika nyuma ya miti, unashindwa kuelewa waliopanga walifikiri nini. Ubaya zaidi ni kwamba wametia mabanda ya vinywaji na aiskrimu papo hapo, kwa hiyo lazima mpumzikie hapo.

Chakula? Mwisho wa njia mnaketishwa kwenye meza ndefu, mnaletewa muhogo wa kuchemsha na kisahani cha karanga zilizotwangwa na ufuta, chumvi na sukari kidogo. Na chai ya majani yenye harufu nzuri. Ndicho chakula walichoishi nacho mchele ulipoadimika. Wazungu walionja kwa ncha ya kidole wakaacha. Sisi tulimaliza chetu na cha jirani. Muhogo ulikuwa wa unga, umeiva vizuri, haukuwa na mizizi katikati, na ule ufuta na karanga nimeshaujaribu nyumbani, watoto wanagombea. Hapo nawapa alama zote bila kinyongo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike badala ya kubonyeza nyota nikaendelea na safari.

Katika matembezi yote ya Ben Dinh, kuanzia filamu hadi muhogo, adui ni mmoja tu, Mmarekani. Ukitoka pale bila kusoma chochote utadhani kulikuwa na Wavietnam upande huu na wageni upande ule, kwisha. Jeshi la serikali ya Saigon, yaani ya Vietnam Kusini (Saigon ni jina la zamani la jiji la Ho Chi Minh), limetajwa kwa neno vibaraka, mara moja au mbili, kama watu wasio na mama zao. Lakini jeshi hilo lilikuwa na mamia ya maelfu ya Wavietnam, wakulima watupu wengi wao, na waliokufa ni zaidi ya laki mbili. Marekani ilipoteza kama 58,000. Nchi iligawanywa kaskazini na kusini mwaka 1954, uchaguzi wa kuiunganisha uliotakiwa kufanyika 1956 haukufanyika, Desemba 1960 ikaundwa harakati ya ukombozi ya kusini, hao ndio walioitwa Vietcong, na tangu hapo kijiji kimoja kikawa na vijana wa pande mbili. Mchana yupo mkuu wa kijiji wa serikali, usiku yupo wa msituni, na wote wanataka kodi na wote wanataka mwanao.

Mahandaki hayakulindwa na vifuniko peke yake. Yalilindwa na ukimya wa vijiji vizima, na ukimya huo mwingine ulikuwa wa mapenzi, mwingine ulikuwa wa hofu. Wapiganaji hao waliua wakuu wa vijiji na watumishi wa serikali kwa maelfu. Serikali ya Saigon nayo ilihamisha watu kwa nguvu kwenye vijiji vya senyenge kuanzia 1962, mbinu ambayo wazee wa kusini mwa Tanzania wanaijua, kwa kuwa Wareno waliifanya ng'ambo ya Ruvuma. Na kuanzia 1963 ukawapo mpango wa kuwaita wapiganaji wajisalimishe wasamehewe. Kwa hesabu za serikali waliojitokeza walizidi laki moja, na baadhi yao waligeuka wakawaongoza Wamarekani kwenye njia zilezile walizowahi kuzitumia. Sasa hebu fikiria handaki hili ukijua hilo: unayemwogopa ni yule mliyechimba naye. Hakuna bango hata moja linalosema habari hiyo.

Wakati wa kurudi watalii wamelala, mwongozaji alizima kipaza sauti akaja kukaa kiti cha mbele ya Mzee. Bila shaka ni lile swali la udongo lililomleta. Akasema baba yake alikuwa sajini wa jeshi la Saigon, na kaka wa mama yake alikuwa msituni, hukohuko Cu Chi. Baada ya tarehe 30 Aprili 1975, Saigon ilipoanguka, baba alipelekwa kambi ya mafunzo ya siasa, akakaa huko miaka. Mjomba ndiye aliyewatafutia mchele. Hayo hayasemi kwenye kipaza sauti kwa kuwa hayamo kwenye kitabu cha kazi.

Mzee alinitaka nimtafsirie neno kwa neno. Akamwambia kwamba miaka ya themanini, vita vya waasi wa RENAMO na serikali ya FRELIMO vilipowaka, kijijini kwao walipokea wakimbizi kutoka Msumbiji, na kisimani wanawake walikuwa wakipanga ndoo mistari miwili. "Na wote Wamakonde," akasema. Mwongozaji akauliza kama siku hizi mistari bado ni miwili. Mzee akasema siku hizi kuna bomba. Wakacheka sana wale watu wawili, mpaka dereva akageuka kutazama.

Hiyo ndiyo dakika bora niliyoinunua kwa ile dola 20 na kitu, na haimo kwenye tangazo.

Ben Duoc ni tofauti. Simulizi rasmi ni ileile, sikudanganyi, lakini nafasi ya kufikiri ipo. Hakuna foleni, njia za chini ni nyembamba zaidi na hazijarembwa sana. Ng'ambo ya mto ndiko kilikokuwa kijiji cha Ben Suc. Januari 1967 majeshi ya Marekani na Saigon, watu kama 30,000, yaliingia eneo hilo, wanakijiji wapatao 6,000 wakahamishwa, nyumba zikachomwa na kusawazishwa kwa matingatinga. Waliowahoji wanakijiji wale walikuwa askari wa Saigon, Wavietnam kwa Wavietnam. Hili mwongozaji wa Ben Duoc, binti mdogo, alilisema mwenyewe nilipomuuliza, bila kuangalia nyuma.

Pia kuna hekalu la kumbukumbu, na kutani yameandikwa kwa dhahabu majina zaidi ya 44,000 ya waliokufa upande wa wapiganaji. Bure kuingia humo kama umeshalipa kiingilio, vua kofia, ongea polepole. Tulimkuta bibi mmoja anafuatisha majina kwa kidole, mjukuu amemshikia kiti cha plastiki. Waliokufa upande wa pili hawana ukuta. Makaburi yao makubwa yako upande wa mji wa Bien Hoa, na sikuona basi la watalii linalopeleka huko.

Dukani nunueni makatambuga. Wanayakata mbele yenu, soli ya tairi la gari, mikanda ya mpira wa ndani, mkanda unavutwa kwenye tundu kwa koleo na hakuna gundi wala msumari. Ndivyo walivyovaa msituni. Mzee aliyapindua, akakagua mikato, akasema fundi wa Masasi anaweka misumari kwa uvivu tu. Alinunua jozi mbili. Pombe ya mchele yenye nyoka ndani ya chupa iacheni, uwanja wa ndege itawaletea maneno.

Kama mkinisikiliza: Ben Duoc nyota nne, ya tano watapata siku watakapoweka chumba kimoja, hata kidogo, cha wale wengine. Ben Dinh mbili na nusu, na ile nusu ni ya muhogo. Vaeni suruali ndefu na viatu vya kufunga, nendeni asubuhi mapema kabla ya jua na kabla ya mabasi, bebeni dawa ya mbu na noti ndogondogo za dong. Mwenye presha, mwenye pumu au anayeogopa kubanwa asishuke, juu kunatosha. Na mkikodi gari, mwandikieni dereva jina la Ben Duoc kwenye karatasi au simu kabla hamjakubaliana bei. Mkisema Cu Chi tu, atawashusha Ben Dinh, atawaonesha kidole kwenye geti, na bei haitapungua.